Kibarua na Kasha: Habari za Kazi katika Bandari ya Mombasa

Neno kibarua twalitumia kila siku bila kukumbuka kwamba asili yake ni barua ndogo. Katika karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya siku moja mjini Unguja au Mombasa alipewa kipande cha karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyoshuhudia kwamba ametumika na anastahili kulipwa. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wa siku uligawanywa baina ya mtumwa na bwana. Utumwa ulipofutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, desturi ya kazi ya siku haikufutwa pamoja nao, na jina la karatasi lilikuwa limekwisha kumhamia mtu mwenyewe.

Nalianza na neno hili kwa sababu latufaa katika kuzitazama habari za bandari. Aghalabu husemwa kwamba mashine ndiyo inayompa mtu kazi na ndiyo inayomnyang'anya. Anayezisoma habari za Mombasa kwa makini ataona kwamba usemi huo ni nusu ya ukweli. Mashine ilibadili namna mzigo unavyochukuliwa. Lakini nani auchukue, katika mji gani, kwa ujira gani na kwa ahadi gani ya kesho, hayo yaliamuliwa na karatasi: sheria, mkataba au amri ya serikali.

Kabla ya reli, mizigo ya bara ilifika pwani juu ya mabega na vichwa vya wapagazi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo. Reli ilipolifikia Ziwa Viktoria mwaka 1901, kazi ya upagazi katika njia ile ilikuwa imekwisha kuuawa, kwa kuwa behewa moja lilibeba mzigo wa msafara mzima. Lakini reli haikuuondoa mzigo mabegani mwa watu. Iliukusanya mahali pamoja, yaani Kilindini, na huko ndiko watu walikofuata.

Hapo mwanzo meli kubwa hazikuweza kuegemea gatini. Zilitia nanga majini, na mizigo ikashushwa katika matishali na kuvutwa hadi pwani, ikapakuliwa tena mara ya pili. Mwaka 1926 magati mawili ya maji ya kina kirefu yalikamilika, na meli zikaanza kufungwa kando ya nchi kavu. Kazi ya makuli iliendeshwa kwa vikosi. Wengine walikuwa ndani ya tumbo la meli, katika joto na vumbi, wakipanga magunia katika wavu. Mmoja alisimama juu akitoa ishara kwa mikono. Mwendesha winchi aliinua. Na wengine walikuwa chini gatini, wakipokea na kubeba hadi ghalani. Gunia la kahawa lilikuwa na uzito wa kilo 60. Pamba ya Uganda ilikuja katika marobota, na saruji ilikuja katika mifuko iliyounguza ngozi ya mtu mwenye jasho. Kazi hii yaitwa ya nguvu tu na watu ambao hawakuifanya. Kupanga shehena ili isiporomoke baharini, na kuyasoma mwendo wa winchi ili mtu asipondwe, ulikuwa ujuzi, ingawa hakuna aliyetoa cheti kwa ajili yake.

Kibarua wa bandari aliajiriwa kwa siku. Asubuhi alisimama pamoja na wenzake, na serahangi, yaani mkuu wa kikosi, akachagua awatakao. Ilipokuja meli nyingi kazi ilikuwa tele. Bahari ilipokuwa tupu, na mfuko wa kibarua ulikuwa mtupu vilevile. Pamoja na dhiki hiyo, kazi ya siku ilikuwa na jambo moja ambalo matajiri wa bandari walilichukia sana: kibarua naye aliweza kuchagua. Mdigo au Mduruma mwenye shamba karibu na mji aliweza kufanya kazi siku kumi, akapata fedha za kodi na nguo, kisha akarudi kulima mvua zilipokaribia. Wala haikuwa rahisi kumtisha kwa kumfukuza mtu ambaye hakuwa na kazi ya kufukuzwa. Vibarua walipogoma mwaka 1934 na tena mwaka 1939, serikali ilipata taabu hata kujua ni nani hasa waliogoma.

Mgomo mkubwa ulizuka tarehe 13 Januari 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, bei za vyakula zilikuwa zimepanda, na nyumba za kupanga zilikuwa chache hata watu wakalala kwa zamu. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, watumishi wa hoteli, hata wapishi na madobi wa majumbani. Kwa muda wa siku 12 mji ulisimama. Mikutano ilifanyika kila siku katika uwanja wa mpira ambao watu waliuita Kiwanja cha Maskini, na humo ndimo kilimozaliwa chama kilichokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, chini ya uongozi wa Chege Kibachia. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi watu warudi kazini, nao wakarudi kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatasikizwa. Baraza la usuluhishi liliwekwa chini ya Jaji Thacker, ambaye baadaye, mwaka 1953, ndiye aliyemhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Ujira uliongezwa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, na huko akawekwa kizuizini kwa muda wa miaka mingi.

Serikali ilikuwa imejifunza jambo, lakini si lile walilotaka kuifunza wagomaji. Iliamua kwamba fujo za Mombasa zilitokana na kazi ya siku yenyewe. Mtu asiye wa mtu, ilifikiriwa, ndiye mtu wa hatari. Dawa ilikuwa kumfanya awe mfanyakazi wa kudumu, mwenye jina katika daftari, mshahara wa mwezi, mke na watoto mjini, na hofu ya kuvipoteza hivyo vyote. Uingereza yenyewe ilikuwa na mpango wa kuwaandikisha makuli wa bandari zake tangu mwaka 1947, na maofisa wa kazi waliokuja Kenya waliujua vizuri. Katika miaka ya 1950 vibarua wa Mombasa waliandikishwa katika daftari moja. Aliyeandikishwa alitakiwa afike kazini siku za kutosha kila mwezi. Asipofika, jina lake lilifutwa. Hatua kwa hatua kazi ya siku ikageuzwa kuwa kazi ya mwezi.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba jambo hili lilikuwa hila tupu. Chama cha Wafanyakazi wa Bandari kilichoundwa mwaka 1954 kilipata nguvu kwa sababu wanachama wake walikuwa watu wanaojulikana na kuhesabika. Mgomo ulipozuka tena Machi 1955, katika siku za Hali ya Hatari ambapo mkutano wa Waafrika wachache ulitosha kuleta askari, Tom Mboya alifika Mombasa akawa mpatanishi, na makuli wakapata nyongeza ambayo vibarua wa 1939 hawakuiota. Kuli wa miaka ya 1960 aliweza kumsomesha mwanawe na kutazamia malipo ya uzeeni. Lakini daftari lina mlango, na mlango hufungwa. Kazi iliyokuwa ikigawanywa, kwa udhalili, baina ya watu wengi wenye mashamba yao, sasa ilifanywa vizuri zaidi na watu wachache. Wale waliobaki nje hawakugoma wala hawakuandikwa katika taarifa yoyote. Walirudi vijijini, au walitafuta vibarua kwingine mjini, na huu ndio upande wa habari hizi ambao husimuliwa kwa nadra.

Wakati majina yalipokuwa yakiandikwa Mombasa, mambo mengine yalikuwa yakitendeka Marekani. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma juu ya sitaha yake. Mwenye shauri hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia bali mwenye malori. Alikuwa amechoka kuona lori likingoja gatini huku watu wakishusha mzigo mmoja mmoja, naye akauliza kwa nini sanduku zima la lori lisipandishwe melini kama lilivyo. Siri ya kasha si chuma chake, kwa maana sanduku la chuma halikuwa kitu kigeni. Siri yake ni kipimo. Mataifa yalipokubaliana juu ya urefu wa futi 20 na futi 40, na juu ya umbo la pembe zake, winchi ya bandari moja iliweza kulishika kasha lililojazwa katika bandari nyingine yoyote. Hapa tena karatasi ilitangulia: bila mapatano ya vipimo, kasha lingebaki kuwa sanduku la mtu mmoja.

Makasha yalianza kufika Mombasa katika miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ililazimika kuunda shirika lake la bandari, na Halmashauri ya Bandari za Kenya ilianza kazi mwaka 1978, kasha likiwa limekwisha kubisha hodi. Kasha moja la futi 20 hubeba magunia ya kahawa yapatayo 300. Kazi iliyokuwa ya kikosi kizima, wakibeba gunia baada ya gunia, ilifanywa na mwendesha winchi mmoja kwa dakika chache. London, iliyokuwa mwalimu wa maofisa wetu, ilizifunga gati zake za kale moja baada ya moja, na za mwisho zikafungwa mwaka 1981, kwa kuwa mto haukuweza kuzipokea meli kubwa mpya. Mombasa ilinusurika kwa neema ya maji yake marefu. Tangu mwaka 2014 bandari hii imekuwa ikipitisha, kwa hesabu ya makasha ya futi 20, zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Basi, kazi ilikwenda wapi? Sehemu moja ilikufa. Nyingine ilihama tu, na hili ni jambo ambalo wengi hawalitambui. Kasha halina haja ya kufunguliwa mahali liliposhushwa. Laweza kufunguliwa ghalani, au katika mji mwingine kabisa. Mwaka 1984 bandari ya nchi kavu ilifunguliwa Embakasi, Nairobi, ili makasha yafike huko kwa reli kabla ya kufunguliwa. Hata hivyo reli ya zamani ilikuwa imechoka, na makasha mengi yakachukuliwa na malori. Hapo ikatokea kazi mpya ambayo hakuna serikali iliyoipanga: madereva na mataniboi, mafundi wa magurudumu, mawakala wa forodha na makarani wao, wenye nyumba za kulala wageni Mariakani na Mtito Andei, na wanawake waliopika chai na mahamri kandokando ya barabara tangu alfajiri.

Reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni za mizigo zikaanza Januari 2018. Treni moja huvuta makasha zaidi ya 100. Kama mashine peke yake ndiyo inayoamua, tungetazamia wenye mizigo waikimbilie reli kwa hiari yao. Wengi hawakuikimbilia, kwa sababu mzigo ukifika Nairobi kwa treni bado huhitaji lori la kuufikisha mlangoni, na gharama ya safari hizo mbili huumiza. Lakini reli ilikuwa imejengwa kwa mkopo, sehemu kubwa kutoka benki ya Exim ya China, na bandari ilikuwa imefungwa kwa mkataba wa kuihakikishia shehena. Deni haliwezi kungoja hiari ya mwenye mzigo. Mwezi wa Agosti 2019 amri ilitolewa kwamba mizigo iendayo Nairobi na bara ipelekwe kwa reli na ikaguliwe huko.

Mombasa ilielewa mara moja maana ya amri hiyo. Watu waliandamana kila Jumatatu, siku walizoziita Jumatatu Nyeusi, na miongoni mwao walikuwa madereva, mawakala, na vijana ambao baba zao walikuwa makuli. Hawakuandamana dhidi ya treni. Waliandamana dhidi ya karatasi, nami naona walikuwa na macho makali kuliko wengi waliowaita maadui wa maendeleo. Mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba amri ile ilikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Mnamo Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba ukaguzi wa mizigo urudi Mombasa. Reli ilikuwa ileile, winchi zilikuwa zilezile, hata makasha yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika kilikuwa maneno machache, nayo yalitosha kuihamisha kazi ya mji mzima kwenda na kurudi.

Nimesema kwamba kasha lazima lifunguliwe mahali fulani. Katika maghala ya Shimanzi, si mbali na magati ya zamani, chai iliyokuja kuuzwa katika mnada wa Mombasa hupakiwa na kupakuliwa, na mlango wa chuma ukifunguliwa, huingia ndani watu wenye mabega. Winchi haifiki humo. Wengi wao hulipwa kwa siku, na ukimwuliza mmoja wao afanya kazi gani, hatakujibu kuli wala hamali. Atakwambia ni kibarua.