Kupiga msasa
Magazeti hayachoki kutuarifu kwamba walimu au makarani "wamepigwa msasa", yaani wamepewa mafunzo. Msasa ni karatasi ya fundi, lakini pia ni mti, Ficus exasperata, ambao majani yake yenye kukwaruza hulainisha mbao. Anayekereza kalamu za mpingo huijua kazi hiyo vizuri. Huanza na msasa namba 150, kisha 240, 400, hadi 600. Kila namba hufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Kisha, ili kalamu ing'ae, huipaka supaglu tabaka nyembamba nyembamba, na ikikauka huisugua kwa maji na msasa laini hadi namba 12,000. Akiruka hatua, mng'ao wenyewe humuumbua. Semina ya siku moja, basi, ni namba 150 tu.