Tom Mboya alikuwa kanjo

Wiki jana mathe alinitumia posta kwa WhatsApp. Nembo ya kaunti iko, gavana anatabasamu, maneno makubwa: NAFASI ZA KAZI, KIDATO CHA NNE NA KUENDELEA. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama yale ya chupa ya dawa ya mende, unaambiwa utume shilingi 500 "za usajili" kwa namba ya simu ya mtu.

Nilimpigia mbio. "Mathe, umetuma?"

"Bado. Nilikuwa nangoja uniambie jina lako la tatu linaandikwaje."

Manze. Tangu niache chuo mwaka wa pili, mathe anaona kila kazi ya kaunti kama imeandikwa jina langu. Sasa kabla sijasema kitu kingine, wasee, shikeni hii moja: kuomba kazi ya kaunti hakulipishwi. Nafasi zinatangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, hiyo bodi iko kwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012, na haikusanyi pesa kwa simu ya mtu binafsi. Ukiambiwa utume kitu kidogo, hiyo si kazi. Ni wewe ndiye kazi.

Lakini hiyo posta ilinifanya nifikirie kitu tofauti. Tunaongea kuhusu kazi za kaunti kama zilianza 2013. Kama ni zawadi fulani ilianguka na katiba mpya. Na hatujui kwamba mmoja wa watu maarufu zaidi waliowahi kuajiriwa na serikali ya mtaa hapa Kenya ana sanamu Moi Avenue, na kila siku kanjo wanakimbiza wachuuzi wakimpita pale pale miguuni.

Tom Mboya alikuwa kanjo. Sikutanii.

Sawa, hakuwa askari wa kurusha watu kwa gari. Alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Lakini neno kanjo si limetoka tu kwa "council"? Basi alikuwa wa huko. Mwajiri wake ndiye baba wa huyu anayekufungia kibanda leo.

Story yake ya kuingia huko ndiyo ilinimaliza. Alizaliwa 1930 Kilimambogo, kwa shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa anafanya kazi. Akasoma mpaka Mang'u. Akapita mtihani. Halafu karo ikaisha. Kijana mwenye akili kushinda wengi wa rika lake, na karo ikamtoa darasani vile ilinitoa mimi. (Najua, mimi si Tom Mboya. Tulieni.) Akaenda kusomea ukaguzi wa afya Jeanes School, Kabete, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyokuwa wazi. Alipomaliza akaajiriwa na baraza la Nairobi. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya 1950, Nairobi imetoka tu kufanywa jiji mwaka huo wa 1950, na yeye ana kama miaka ishirini.

Kazi yenyewe: kukagua maziwa, hoteli, choo, soko. Kwenye kitabu chake Freedom and After, kilichotoka 1963, anasimulia siku alikuwa peke yake ofisini na mwanamke mzungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Yule mama akaangalia huku na kule akauliza kama hakuna mtu. Mboya yuko pale mbele yake, amesimama. Akamuuliza kama macho yake yana shida.

Watu wanapenda hiyo story kwa sababu ya jibu, na ni jibu safi, siwezi kataa. Lakini mimi kilichonishika ni kitu kingine alichoeleza: mkaguzi Mwafrika alikuwa analipwa sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mkaguzi mzungu. Kazi ile ile, choo kile kile, harufu ile ile. Jibu la kumnyamazisha mama wa maziwa lilikuwa la bure. Kurekebisha karatasi ya mshahara ndiyo ilikuwa kazi.

Na alifanya nini? Hakuanza na siasa kubwa. Palikuwa na chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, aina ya vile vyama ambavyo mwajiri hana shida navyo kwa sababu havimsumbui. Mboya akaingia kwa uongozi na wakakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi, Kenya Local Government Workers Union. Baraza halikufurahia. Kufikia 1953 hakuwa tena mfanyakazi wake. Alikuwa mtu wa chama muda wote, akiongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini akiwa na miaka 23.

Kumbuka huo ulikuwa wakati gani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Chama cha KAU kikapigwa marufuku 1953. Aprili 1954 wanajeshi wakafagia Nairobi kwa Operesheni Anvil na maelfu kwa maelfu ya watu wakapelekwa kambini. Mwafrika hakuwa na chama cha siasa cha nchi nzima. Kilichobaki kikisimama ni vyama vya wafanyakazi. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa, sauti ya Wakenya weusi kwa kiasi kikubwa ilipitia kwa kijana aliyeanza kwa kuandikisha wafagiaji, makarani na wapima maziwa wa baraza. Mgomo wa bandari ya Mombasa, 1955, yeye ndiye alienda kuwasemea wafanyakazi wa huko. 1957 akaingia bunge la mkoloni. Zile ndege za wanafunzi kwenda Marekani, ambazo ndizo mnajua, zilikuja baadaye, 1959.

Ninataka tuelewe hivi: haki nyingi ambazo mtu akiandikwa kaunti leo anazipata kama hewa tu, kujulikana cheo chako, kuongea na mwajiri mkiwa kikundi, zilipiganiwa na watu wa mshahara mdogo ndani ya baraza. Na hicho chama hakijafa. Baada ya ugatuzi kilibadilisha jina kikawa Kenya County Government Workers Union. Ukiandikwa kaunti leo na ujiunge, umejiunga na chama cha Mboya. Nilipojua hivyo nilikaa chini kidogo.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo, na KANU ilikuwa inayachukia. Ni Mboya huyo huyo, akiwa Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba, aliyesaidia kuyavunja mwaka wa 1964. Alitaka serikali moja kuu yenye nguvu. Alikuwa na sababu zake, wengi wa kizazi chake waliona majimbo ni mtego wa kuigawa nchi, lakini nadhani kwa hilo alikosea, na walioumia ni wenzake wa zamani.

Kwa sababu angalia kilichofuata. Wakati huo mabaraza ya wilaya ndiyo yalikuwa yanaendesha shule za msingi, zahanati na barabara. Mwaka wa 1969, ule ule Mboya alipigwa risasi, bunge likapitisha sheria ya kuhamisha kazi hizo kwenda serikali kuu, na mwaka uliofuata zikahama. Zikaenda na pesa. Ile kodi ya kichwa ambayo mabaraza yalikuwa yakitegemea nayo ikaondolewa. Baraza likabaki na soko, makaburi, takataka na kodi ya maduka. Halafu tukaanza kuyacheka kwamba hayana kazi.

Kutoka hapo ni miaka arobaini ya kuoza pole pole. Nairobi ilinyang'anywa hata madiwani 1983 ikapewa tume ya watu walioteuliwa, mpaka 1992. Mishahara ikawa inachelewa miezi. Mabaraza yalijaza watu wa ndugu ya diwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ikakubali kuyatumia asilimia 5 ya kodi ya mapato, ikasaidia kiasi, lakini meli ilikuwa imeshaingia maji.

Hapa ndipo anko wangu anaingia.

Anko aliandikwa na baraza moja la mji, silitaji, 1991. Alianza na ufagio. Baadaye akapanda lori la takataka, nyuma, wale wa kuning'inia. Hiyo kazi ililisha watu saba na mimi nikiwemo, likizo zote nilikuwa kwake. Katika kopo la Kimbo chini ya kitanda ameweka vikaratasi vya mshahara vya miaka thelathini na kitu, vingine vimefifia mpaka unavisoma kwa tochi. Kila kimoja kinaonyesha makato ya pensheni.

Machi 2013 mabaraza yote 175 yakaisha. Yakaja magavana, kaunti 47. Anko akalala mfanyakazi wa baraza, akaamka mfanyakazi wa kaunti, na lori ni lile lile. Kwa wafanyakazi ilisemekana wanahama na haki zao. Kwa mali na madeni ikaundwa Mamlaka ya Mpito iyahesabu. Muda wake ukaisha 2016 kazi haijakamilika, ikasukumwa kwa kamati nyingine. Na kati ya madeni hayo kulikuwa na makato ya pensheni yaliyokatwa kwa wafanyakazi na hayakufika kwa mfuko. Kaunti nyingi ziliyarithi, na nyingine zikaongeza yao juu. Ni mabilioni ya shilingi, na mifuko imekuwa ikiyadai mwaka baada ya mwaka.

Anko alistaafu 2023. Akaenda kuuliza. Akaambiwa miaka kadhaa haionekani.

"Lakini walinikata," akasema, akaweka kopo mezani.

Sasa ukiniuliza kama uombe kazi ya kaunti, nitakwambia omba. Nitaomba hata mimi. Sheria ile ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo, kwa hivyo usiogope kuomba Kilifi ukiwa wa Bungoma. Lakini omba ukiwa na macho. Kuna aina tatu za kazi zinaitwa "kazi ya kaunti" na hazifanani hata kidogo: ya kudumu yenye pensheni, ya mkataba, na ya kibarua. Wale wahamasishaji wa afya ya jamii kama laki moja waliozinduliwa Septemba 2023 waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo ni posho, si mshahara, na hakuna uzee ndani yake. Kaunti zinapenda hizi za muda kwa sababu kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato yake, na wengi wao walishapita. Kibarua ni rahisi kumweka na ni rahisi kumtoa.

Ila sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, hesabu yake inabadilika, anakuwa na haki za mtu wa mkataba wa mwezi. Wengi hawajui. Mwajiri anajua, ndiyo maana unaambiwa upumzike siku mbili halafu urudi.

Na ukiandikwa, usingoje miaka thelathini. Kila mwaka nenda kwa mfuko wako wa pensheni uombe taarifa ya akiba yako, ulinganishe na ulichokatwa. Madaktari walipogoma siku 100, Desemba 2016 mpaka Machi 2017, walikuwa wanadai makubaliano yaliyotiwa saini 2013. Kama daktari alipuuzwa miaka mitatu na mkataba mkononi, mtu wa ufagio atafanyiwaje?

Mwezi uliopita nilimsindikiza anko. Foleni ilikuwa ya wazee wengi, kila mtu na bahasha yake, wengine na mifuko ya plastiki. Kijana wa dirishani, wa rika langu kabisa, alikuwa mpole. Akamuuliza, "Mzee, ulifanyia nani kazi?" Anko akataja baraza. Yule kijana akaliandika kwa kompyuta, akaangalia, akasema hilo halipo kwa orodha.

Akatupa fomu mpya. Macho ya anko si mazuri siku hizi kwa hivyo mimi ndiye nilijaza. Jina, kitambulisho, tarehe ya kuajiriwa. Tukafika pale pa jina la mwajiri nikasimamisha kalamu.

"Niandike nani, anko? Baraza ama kaunti?"

Akafikiria. "Andika wote wawili," akasema. "Na uandike vidogo, nafasi itoshe."