Treni ikianguka, simu inapigwa kwa nani?

Uzi huu ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai ukae.

Kila ajali kubwa ikitokea Kenya, mjadala huku mtandaoni huwa ule ule. Upande mmoja unasema serikali kuu imelala. Upande wa pili unajibu ati hiyo ni kazi ya kaunti, muulize gavana. Siku tatu watu wanatusiana, halafu inakuja stori mpya na tunasahau. Mimi nasoma sayansi ya siasa na naishi Gitothua, hapa Ruiru, na treni ya asubuhi ya kwenda Nairobi nimeshaipanda mara nyingi. Swali hili kwangu si la darasani tu. Wiki jana niliwauliza vijana wa boda pale steji: mkiona treni imeanguka saa hii, mnapigia nani? Mmoja akasema polisi. Mwingine akasema chifu. Wa tatu akacheka, "Mimi naingia live kwanza."

Wote watatu wamejibu jinsi Wakenya wamezoea. Hebu turudi nyuma tuone tulizoeaje hivyo, maana kuna watu wanaongea kana kwamba shida hii ilizaliwa na ugatuzi.

Mwisho wa Januari 1993, treni ya abiria kwenye reli ya Nairobi na Mombasa ilifika mto Ngai Ndethya, upande wa Mtito Andei, ikakuta daraja limesombwa na mafuriko. Mabehewa yakatumbukia majini. Zaidi ya watu 100 walikufa. Naandika "zaidi ya 100" kwa sababu ukisoma rekodi utakuta hesabu moja inaishia juu kidogo ya 110 na nyingine inavuka 140. Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado hatuna nambari moja tunayokubaliana.

Hiyo tofauti ya nambari ni watu, si makosa ya uchapaji. Mto ulibeba miili. Na kama hujui ni nani aliingia kwenye treni, hujui unamtafuta nani, na hujui lini uache kutafuta. Kuna familia iliyobaki bila kaburi kwa sababu hiyo. Hata leo, treni yetu ya Ruiru unalipa, unaingia, unakaa au unasimama. Hakuna anayeandika jina lako. Kwa safari ya kila siku sioni kama itawezekana kuandika majina ya kila mtu, lakini basi mpango wa uokoaji lazima uwe na njia nyingine: mahali pamoja pa familia kuripoti mtu ambaye hajarudi nyumbani, na orodha moja ya hospitali zote. Bila hivyo mama anazunguka kutoka wodi hadi wodi, halafu mochari hadi mochari, akiuliza jina la mtoto wake mlangoni. Shirika la Msalaba Mwekundu hapa Kenya limekuwa likifanya kazi hiyo ya kuunganisha familia kwenye majanga mengi, na linastahili heshima. Lakini ni shirika la misaada. Haliwezi kuwa ndiyo mpango mzima wa nchi.

Tuvuke mpaka kidogo. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilipata hitilafu ikiwa kwenye mwinuko. Ikaanza kurudi kinyumenyume, ikashika kasi, ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Fikiria upande wa hospitali: mji wenye uwezo wa kupokea majeruhi wachache kwa usiku mmoja unaletewa mamia kwa asubuhi moja. Hata madaktari wawe wazuri namna gani, hapo kazi ya kwanza ni kupanga nani anaangaliwa kwanza na nani anapelekwa kwingine.

Hii habari ya kupanga wagonjwa ina historia yake, na nusu ya historia hiyo iko kwenye reli. Oktoba 1952, treni tatu ziligongana katika stesheni ya Harrow and Wealdstone, London, na watu 112 wakafa. Enzi hizo kazi ya ambulensi Uingereza ilikuwa kubeba mtu haraka hadi hospitali, basi. Siku hiyo kikosi cha matibabu cha jeshi la anga la Marekani kilichokuwa kambini karibu kilifika na kuanza kutibu watu palepale kwenye jukwaa la stesheni. Muuguzi mmoja, Abbie Sweetwine, aliwawekea alama ya X kwa lipstiki wale waliokwisha kupewa dawa, ili hospitali isiwape mara ya pili. Lipstiki, wasee. Mpango mzuri si lazima uwe ghali. Kilichotakiwa ni mtu mmoja anayejua nani ameangaliwa na nani bado, na hospitali inayoelewa ile alama inamaanisha nini.

Sasa turudi nyumbani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizotuletea Kituo cha Kitaifa cha Operesheni za Majanga, kilichoanzishwa Januari 1998. Kilikuwa na miezi saba tu bomu la ubalozi wa Marekani lilipolipuka Nairobi, Agosti 7. Wote tunakumbuka picha, hata sisi tuliozaliwa baadaye: wananchi kwa mamia juu ya kifusi wakichimba kwa mikono. Ilikuwa ushujaa mkubwa. Ilikuwa pia eneo la ajali bila uzio, bila kujua nani anaamuru. Vifaa na vikosi vya kuokoa watu chini ya kifusi vilitoka nje ya nchi.

Halafu mwaka wa 2013, ambao kwangu ndio mwaka wa kuangalia vizuri. Machi kaunti zinaanza. Oktoba, treni inagonga basi kwenye kivuko cha reli cha Mutindwa, Umoja, na watu zaidi ya kumi wanakufa. Desemba, treni ya mizigo inaacha reli Kibera na mabehewa yanaangukia nyumba za watu. Wakati huo wote treni zinaendeshwa na kampuni binafsi chini ya mkataba ulioanza 2006 na ukavunjika 2017. Kwa hivyo hapo una mwendeshaji binafsi, shirika la umma lenye reli, serikali kuu, na kaunti ambayo haijamaliza hata mwaka. Na waliofika kwanza Kibera? Majirani. Ngai Ndethya majirani, Igandu majirani. Hakuna serikali duniani inayomshinda jirani kufika.

Sasa ile hoja ya "ni kazi ya kaunti". Fungua Katiba, Jedwali la Nne. Reli ni ya serikali kuu. Zimamoto ni za kaunti. Ambulensi ni za kaunti. Usimamizi wa majanga uko wapi? Uko kwa wote wawili! Umeandikwa kwenye orodha ya serikali kuu, ukaandikwa tena kwenye orodha ya kaunti. Kwa hivyo wale wanaotusiana kila mara, wote wana kifungu cha kusoma, na wote wanaweza kunyoosha kidole kwa mwingine bila kudanganya. Ukame ulipata mamlaka yake, na sheria yake ikapita mwaka wa 2016. Ajali za ghafla zimebaki na vitengo, kamati, na miswada inayoingia na kutoka bungeni kwa zaidi ya miaka kumi.

Kuna mtu atasema leteni mswada upite, mambo yaishe. Mimi nataka upite, lakini sidhani utatosha. Chukua mfano wa hapa kwetu. Reli ya Nairobi hadi Nanyuki inapita Ruiru, ikafanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena 2020. Tuseme behewa limelala ubavu karibu na Gitothua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwanza kabisa, nani anasimamisha treni nyingine isije? Igandu ilitufundisha kwamba treni ya pili ndiyo muuaji. Hilo ni la shirika la reli, na mwenye boda hajui nambari yao. Pili, wenye majeraha madogo ndio hupanda pikipiki na matatu wakafika hospitali kwanza. Wote wataenda ya Ruiru, kwa sababu ndiyo karibu. Aliyebanwa kwenye chuma atatolewa mwisho, na akifika atakuta kitanda kimejaa watu wa mkono uliovunjika. Thika Level 5 ni ya kaunti. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ni ya serikali kuu. Nani ana mamlaka ya kusema hawa Thika, hawa KU, hawa wabaki Ruiru? Tatu, kreni ya kuinua behewa husafiri juu ya reli hiyo hiyo iliyoharibika, kwa hivyo saa za kwanza kazi ni ya vikata-chuma vya zimamoto, vya kaunti.

Ona basi: ajali moja, lakini reli, kreni na hospitali moja ni za Nairobi, na zimamoto, ambulensi na hospitali mbili ni za Kiambu. Hakuna sheria inayozuia hawa wote kukaa meza moja siku ya kawaida na kuandika jina la cheo kitakachoamuru saa ya kwanza. Halafu wafanye zoezi, na vijana wa boda wawe ndani ya zoezi, wafundishwe kuzuia damu na kutomvuta mtu aliyeumia shingo. Hawa watakuwepo hata ukipenda usipende.

Mkutano wa maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti ukitangazwa, nitaenda na maswali matatu: zimamoto la karibu na sisi liko wapi na lina kifaa cha kukata chuma, ni lini mara ya mwisho kaunti na shirika la reli walifanya zoezi pamoja, na ni nambari gani niwape wale jamaa wa steji. Mwenye swali la nne aliandike hapo chini, nitalibeba.