CPR kwa wanyama: kanuni zilivyopatikana, na sisi wa Pongwe tuchukue nini

Leo darasa dogo. CPR wengi tunaijua kwenye sinema: mtu kaanguka, mwenzake anamkandamiza kifua na kumpulizia hewa. Mbwa au paka moyo ukisimama je? Inafanyika pia, ila kanuni zake zimechelewa mno.

Deni letu kwa mbwa

Ajabu ni kwamba CPR ya binadamu imetokana na mbwa. Mwaka 1958, chuo cha Johns Hopkins, Marekani, Guy Knickerbocker alikuwa kwenye majaribio ya kushtua moyo wa mbwa kwa umeme. Akaona akikandamiza vile vibao kifuani, presha ya damu inapanda. Mwaka 1960 yeye, William Kouwenhoven na James Jude wakachapisha matokeo. Binadamu akafaidika. Daktari wa mifugo akabaki kuazima kanuni za watu, kila kliniki na lake.

RECOVER ni nini?

Ni mpango wa wataalamu wa dharura za wanyama, ukiongozwa na Daniel Fletcher na Manuel Boller. Mwaka 2012 walitoa miongozo 101 ya CPR kwa mbwa na paka. Wakati huo, kati ya mbwa na paka 100 waliosimama moyo wakiwa hospitali, hawakufika 6 waliorudi nyumbani hai. Kwa binadamu ni kama 20.

Walifanyaje kazi?

1. Waligawana maeneo matano: maandalizi, huduma ya msingi, huduma ya juu, uangalizi, na matunzo baada ya moyo kurudi.
2. Walitunga maswali yanayojibika: mgonjwa yupi, afanyiwe nini, ukilinganisha na nini, matokeo yapi.
3. Walisoma tafiti zilizopo na kupima uzito wa kila ushahidi.
4. Rasimu ikawekwa wazi, madaktari wengine wakaikosoa.
5. Wakaorodhesha pia yasiyo na majibu, ili watafiti wajue pa kuanzia.

Mwaka 2016 wakakubaliana namna moja ya kuandika kumbukumbu za CPR, ili kliniki za nchi tofauti zilinganishwe. Mwaka 2024 miongozo ikatoka upya. Mfano, dozi kubwa ya adrenalini haishauriwi tena.

Kwa ufupi inakuwa hivi

- Mnyama kazimia, hapumui: anza mara moja, usipoteze muda kutafuta mapigo. Kuhema kwa kukata roho si kupumua.
- Mlaze ubavu. Kandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiingie theluthi moja hadi nusu ya upana wake, halafu kiachie kirudi chote.
- Kama hana bomba la hewa kooni: mikandamizo 30, pumzi 2. Kila dakika 2 mpokezane, mikono inachoka.
- Pumzi ni bora zitolewe kwa barakoa na mfuko wa hewa. Usiweke mdomo wako kwenye pua ya mbwa usiyemjua. Kichaa cha mbwa kipo, na dalili zikishaanza ni kifo.

Na huku kwetu?

Pongwe na Tanga kwa ujumla ni watu wa ng'ombe wa maziwa, na miongozo hiyo ni ya mbwa na paka. Ndama akizaliwa hapumui, kila mfugaji na ufundi wake: huyu anamsugua kwa nyasi, yule anamtekenya puani, mwingine anamning'iniza kichwa chini, ingawa wataalamu wanaonya kuwa matumbo yanaegemea mapafu na kumzidishia shida.

Ipi inaokoa ndama wengi? Kubishana hakutoshi. Tuazime ile njia: swali moja, fomu moja. Kazaliwa saa ngapi, amefanyiwa nini, kapumua baada ya dakika ngapi, kesho yake yupo? Karatasi na kalamu vinatosha. Tanga tuna TALIRI, tuna wanafunzi wa LITA Buhuri, na SUA iko Morogoro. Hao ndio wa kukusanya na kuhesabu.

Ila waliokufa nao waandikwe. Ukiandika waliopona tu, kila njia itaonekana dawa.

Mabwana mifugo na wafugaji, huko kwenu mnafanyaje ndama akigoma kupumua? Mwageni hapo chini.