Kidhibiti chaji: neno na kazi yake

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge nchini Zambia, usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mwezi ukishapotea, mitumbwi huingia ziwani kutafuta chisense, samaki wadogo walio ndugu wa dagaa wa Tanganyika, ambao huvutwa na mwanga. Zamani mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi zipo taa za LED zinazotumia betri, na betri huweza kujazwa mchana kwa sola. Msafiri anayeegesha gari lake la kulala kwenye ufuko huohuo, lenye kitanda, friji na taa ndani, anaishi kwa utaratibu uleule: jua linapokuchwa, anatumia alichokusanya mchana.

Kati ya paneli iliyo juu ya paa na betri iliyo chini ya kitanda kuna kiboksi kidogo kuliko kitabu. Madukani kinaitwa kontrola. Wengine hukiita chaja, na jina hilo linapotosha. Chaja huchukua umeme wa ukutani na kuugeuza ufae betri. Kiboksi hiki kinakuta umeme umekwisha kuja kutoka juani. Kazi yake ni kuuwekea mipaka. Ndiyo maana istilahi inayokifaa ni kidhibiti chaji.

Mipaka hiyo ina hesabu. Paneli inayouzwa kwa jina la "volti 12" hufikisha volti 21 hivi juani ikiwa haijaunganishwa na kitu. Betri ya risasi na asidi, ile ya kawaida, huhitaji volti 14.4 hivi wakati wa kujazwa, na ikishajaa hutunzwa kwa volti 13.6 hivi. Ikiachiwa paneli moja kwa moja siku nzima, maji yake hutoa mapovu na kupungua, gesi ya hidrojeni hutoka, na mabamba ya ndani huharibika. Usiku nao una hatari yake, kwa sababu umeme unaweza kurudi kutoka kwenye betri kwenda kwenye paneli iliyolala. Kidhibiti hufunga njia hiyo. Vingi huwa pia na tundu la taa, ambalo hukatwa betri ikishuka hadi karibu volti 11, kabla haijakaushwa kabisa.

Jina lenyewe limeundwa kwa njia ambayo Kiswahili kimeizoea. Kipimajoto ni ki-, kitenzi pima, kisha kinachopimwa. Kidhibiti chaji kinafuata mpangilio huohuo: ki-, dhibiti, kisha kinachodhibitiwa. Anayelisikia kwa mara ya kwanza anapata nusu ya maelezo kabla fundi hajafungua mdomo. Neno kontrola halimpi msaada huo, ingawa ni fupi na sokoni linaeleweka.

Je, watu watalikubali? Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zenye televisheni zilihitaji kifaa kipya cha kupokea matangazo ya dijitali. Watu walikiita king'amuzi, kutoka kitenzi ng'amua, na mpaka leo neno hilo lipo midomoni mwao. Lilikubalika kwa sababu lilikuja pamoja na kifaa, likitaja kazi yake.

Kuna aina mbili za vidhibiti, na tofauti yao huonekana kwenye friji. Aina ya bei nafuu, yenye herufi PWM, huishusha paneli hadi volti za betri: paneli ya wati 100 inayotoa ampea 5.5 kwa volti 18 hubaki na wati 72 hivi betri ikiwa kwenye volti 13. Aina ya MPPT, ambayo tunaweza kuiita kidhibiti kifuatakilele kwa kuwa hufuata kilele cha nguvu za paneli, hugeuza volti za ziada kuwa ampea, na wati zaidi ya 90 huweza kuifikia betri. Friji ndogo ya gari huweza kumaliza wati-saa 400 kwa siku. Kwa saa tano za jua kali, aina ya kwanza inaleta 360, ya pili 450. Joto la paa hupunguza zote mbili, kwa hiyo mafundi huacha upenyo wa hewa chini ya paneli.

Wakati wa kufunga, betri huunganishwa na kidhibiti kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutolewa. Kidhibiti huisoma betri kwanza, kijue ni ya volti 12 au 24, ndipo kipokee jua. Paneli ikitangulia, kinapewa umeme kabla hakijajua kiuwekee mpaka gani.