Shaqiqa: Historia ya Maradhi ya Nusu ya Kichwa

 

Ndugu msomaji, yako maradhi ambayo mgonjwa wake hana homa, hana jeraha, wala hana cha kumwonyesha mtu. Hufunga dirisha, hujifunika shuka, hataki kusemeshwa, pengine hutapika. Kesho au kesho kutwa anatoka mzima. Waswahili wameyaita kipandauso, Waarabu wameyaita shaqiqa. Na kwa kuwa hakuna kinachoonekana, watu humhukumu kwa moja kati ya mawili: ama ni mvivu, ama ana jini. Hukumu hizi zimewadhulumu wengi, na hasa wanawake, ambao maradhi haya huwapata takriban mara tatu kuliko wanaume.

Wanaoyadharau wangerejea kwanza katika vitabu vyetu wenyewe. Imam Bukhari (Allah amrehemu), katika Kitabu cha Tiba, ameweka mlango maalumu wa kuumikwa kwa ajili ya shaqiqa na maumivu ya kichwa. Humo amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa kichwani naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya shaqiqa iliyompata. Riwaya nyingine inataja mahali penyewe: Lahy Jamal, katika njia ya kwenda Makka. Naye Tabari katika Tarikh yake amenukuu kutoka kwa Burayda (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) mara nyingine alikuwa akishikwa na shaqiqa, akakaa siku moja au mbili bila ya kutoka, na kwamba ilimshika alipofika Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Tazama muda huo. Madaktari wa leo wanasema shambulio lisilotibiwa huchukua baina ya saa 4 na saa 72. Basi huyu ni kiongozi wa jeshi, yuko mbele ya ngome za adui, na maradhi yanamzuia kutoka. Hakuna aliyemwita mvivu.

Mafakihi nao waliitumia Hadithi hiyo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza kuwa wanazuoni wameafikiana kwamba aliye katika ihramu anaruhusiwa kuumikwa kichwani akiwa na udhuru, hata ikilazimu kunyoa nywele, ila akinyoa atatoa fidya. Asili ya fidya hiyo ni aya ya 196 ya Suratul Baqara, inayomtaja mgonjwa na mwenye udhia kichwani. Kwa hiyo maumivu ya kichwa yalihesabiwa kuwa ni udhuru wa kisheria.

Jina lenyewe shaqiqa linatokana na upande au nusu ya kitu, na Wayunani walikuwa na jina la maana hiyo hiyo, hemikrania, alilolitumia Galen katika karne ya pili Miladia. Galen alidhani kwamba mivuke na mchanganyiko mbaya wa mwili hupanda kutoka tumboni hadi kichwani. Vitabu vyake vilifasiriwa Baghdad na Hunayn ibn Ishaq (aliyefariki mwaka 873) na wenzake, na dhana hiyo ikaingia katika tiba ya Waislamu. Lakini matabibu wetu hawakunakili tu. Ibn Sina katika Qanun aliieleza aina ya maumivu ya kichwa ambayo mwenye nayo huchukia sauti, mwanga na kukaa na watu, akapenda giza na kulala. Zahrawi wa Andalusia alitumia chuma cha moto, na pengine alipasua ngozi ya panja akatia punje ya kitunguu saumu. Hatumshauri mtu yeyote ayajaribu hayo.

Kauli inayostaajabisha zaidi ni ya Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) katika Zad al-Ma'ad. Anasema alama mahususi ya shaqiqa ni kupiga kwa mishipa ya damu, na kwamba kichwa kikifungwa kwa kitambaa hata mishipa ikazuiwa isipige, maumivu hutulia. Karibu miaka 600 baadaye, mwaka 1938, Harold Wolff na mwenzake John Graham huko Marekani walipima mpigo wa mshipa wa panja. Waliona kwamba dawa ya ergotamini ilipoupunguza mpigo, maumivu nayo yalipungua. Wolff akahukumu kwamba chanzo cha maradhi ni kutanuka kwa mishipa ya damu, na dunia ikamfuata kwa muda mrefu.

Hapa tutahadhari. Wapo wahadhiri ambao wangelirukia jambo hili na kutangaza kuwa sayansi imemsadikisha Ibn al-Qayyim. Alichokiona alikiona sawasawa, ila utafiti uliofuata umeonyesha kuwa mshipa wa damu si chanzo. Sasa tungesema nini, kwamba amekadhibishwa? Hiyo ilikuwa ijtihadi ya tiba, nayo si wahyi.

Yaliyofuata yalianzia ndani ya ubongo. Mwaka 1941 Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na maradhi haya, alichora doa lenye kumetameta lililokuwa likitanda machoni mwake kabla ya maumivu. Akakadiria kuwa kitu fulani hutembea juu ya ubongo kwa kasi ya milimita 3 kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, akichunguza sungura, aliliona wimbi lenyewe: seli za ubongo huwaka kwa umeme wake, kisha hunyamaza, na ukimya huo husambaa polepole kama maji yanavyolowesha nguo. Mwaka 1981 Jes Olesen na wenzake wa Denmark waliuona mfano wake katika mtiririko wa damu kwenye ubongo wa wagonjwa.

Kwa upande wa kemia, Federigo Sicuteri wa Italia alionyesha mwaka 1961 kwamba wakati wa shambulio mabaki ya kemikali ya serotonini huzidi katika mkojo. Kutokana na njia hiyo ya utafiti zikapatikana dawa za jamii ya triptani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991. Kisha mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walipima damu itokayo kichwani wakati wa maumivu, wakakuta imejaa kemikali iitwayo CGRP, inayomwagwa na mshipa mkubwa wa fahamu wa uso. Kemikali hiyo hutanua mishipa ya damu na kuchochea maumivu. Kumbe kutanuka alikokuona Wolff kulikuwa mfuasi tu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kingamwili ya kuzuia njia ya CGRP, nayo hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa mwezi.

Picha za ubongo zimeonyesha pia kwamba sehemu yake ya ndani inayosimamia njaa, kiu na usingizi huanza kubadilika kabla ya maumivu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupiga miayo mno siku moja kabla, na ndiyo maana kukosa chakula, maji au usingizi huwachokoza. Hapa ndipo maswali ya Ramadhani yanapoingia. Mwenye maradhi makali, ambaye kwa uzoefu wake au kwa kauli ya tabibu mwaminifu funga inamletea shambulio, amo katika ruhusa ya mgonjwa iliyotajwa katika aya ya 184 ya Suratul Baqara, naye atalipa siku nyingine. Akimeza kidonge mchana, funga yake imekatika. Ama sindano, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah mwaka 1997 na kuamua kwamba sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa maji na sindano za lishe. Ile dawa ya kila mwezi imo katika hukumu hiyo, hata ikidungwa adhuhuri ya Ramadhani. Wallahu a'lam.