NENO «YUBILE»: ASILI YAKE NA MAANA YAKE

Neno hili liko sasa katika vinywa vyetu vyote. Twalisoma juu ya vitambaa vya mama zetu, twalisikia katika matangazo ya michango. Yafaa tujue latoka wapi na latudai nini.

Kwa Kiebrania, yobel ni kondoo dume, tena ni pembe yake ipigwayo kama baragumu. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chaagiza hivi: ikiisha miaka saba mara saba, pembe ilie katika nchi yote, na mwaka wa 50 uwe mtakatifu. Mwaka ule shamba lililouzwa kwa umaskini larudi kwa jamaa yake, na Mwisraeli aliyejiuza kwa ndugu yake atoka huru pamoja na watoto wake. Katika Kilatini neno lile lilikutana na jubilare, maana yake kupiga kelele za furaha. Basi wengi wakashika shangwe, wakasahau shamba na mtumwa.

Papa Boniface VIII alitangaza Mwaka Mtakatifu wa kwanza katika 1300, urudi kila miaka 100. Clément VI aliweka miaka 50, Paul II akaweka 25. Ndivyo Kanisa lilivyofanya tena yubile katika 2025.

Kwetu kando ya Tanganyika neno hili lina uzito wa pekee. Mapadri Weupe walipofika ng'ambo hii mwaka 1880, biashara ya watumwa ilikuwa ikiharibu vijiji. Kule Kibanga na Mpala, wengi katika wakristu wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani kwa mali. Hivi wazee wetu waliijua yubile kwa miili yao kabla ya kujua jina lake.

Tena tuangalie: katika Walawi pembe yalia Siku ya Upatanisho. Upatanisho watangulia, shangwe yafuata. Na kati yetu wako wajane walionyang'anywa mashamba na ndugu za marehemu. Wako majirani wasiosalimiana kwa ajili ya deni. Aliyeshika shamba la mjane alirudishe kabla ya maandamano. Anayemdai maskini amwachie. Hapo ngoma zetu zitasema kweli.